Ganda la Tisa

Subukia, saa nne usiku. Jiko nimelizima.
Mezani maganda mekundu yamesimama wima
kama watoto wa gwaride.
Fataki, baruti, kizibo, marisau:
Tuitoek alinionyesha mara moja tu, akipiga miayo.

Nikiwa na la tisa mkononi, Jerono akaita:
"Zizi la mbuzi umefunga?"
Nikageuka, nikajibu.

Kizibo kimo. Chini yake je?
Nalitikisa sikioni. Ganda halina ushahidi.

Likiwa tupu, nguruwe pori watanicheka.
Likiwa na baruti mara mbili…
nahesabu vidole vyangu. Kumi.
Nahesabu tena.

Sasa hata la nane silisadiki.
Nayafumua yote, moja moja.
Kule bondeni mahindi yanavunjwa, ko, ko,
nami bado natafuta miwani.