Pambizo

Dundee, Desemba, saa tisa unusu, giza tayari.
Bi Rennie wa usajili hasomi, anapima kwa rula:
"Pambizo la kushoto, milimita arobaini.
Lako thelathini na nane."

Miaka mitano nimehesabu chawa wa samaki,
leo nadaiwa milimita mbili.

Nikachapa upya. Kurasa mia tatu zikasogea kulia,
sentensi ya mwisho ikadondokea ukurasa mtupu,
peke yake, kama mgeni aliyekosea mlango.

Kiapo: *kazi hii ni yangu mwenyewe.*
Nikatia sahihi.

Kisha nikautazama ule weupe wa kushoto.
Humo sikuandika kitu.
Humo Mwantumu alikesha
na mtoto wa pumu begani,
nami nikihesabu chawa.

Humo utapita uzi wa kujalidi.