Upepo Ndani ya Paipu

Ilianzia Kiboriloni, siku ya soko,
nimeshashusha ndizi, nyuma matenga matupu.
Nikakanyaga klachi, ikalala chini kama mbwa aliyeshiba.
Gia ya kwanza ikakataa. Rivasi ikasaga meno
hadi muuza vitunguu akaziba masikio.
Nikapampu mara mbili, mara tatu, ikashika shingo upande,
nikapanda nayo Kidia kwa gia moja tu,
nikiomba nisikutane na mtu wa kumpisha.

Fundi wa Majengo hakuinama hata kidogo.
"Hiyo diski, dada. Tunashusha gia boksi."
Laki nne na nusu, kama anataja bei ya nyanya.
Lakini diski ikiisha, injini hunguruma na gari haliendi.
Hili lilikwenda mno; lilikuwa haliachi.
Baba alinifundisha kutofautisha
kinachoteleza na kisichoachia.

Nikafungua boneti mwenyewe. Kikopo cha mafuta ya klachi
kimeshuka nusu, kina rangi ya chai iliyolala.
Nikainua zulia chini ya pedali: kavu.
Nikaingia uvunguni na tochi ya simu,
nikafunua kiatu cha mpira cha sleva
na tone likanidondokea shavuni.
Kumbe raba, ndogo kuliko sarafu ya mia mbili,
imechakaa mdomo: inatoa mafuta, inakaribisha upepo.

Raba mpya niliipata Dabo Rodi, elfu kumi na nane.
Muuzaji aliuliza mara mbili gari ni la nani.
Nikaosha silinda kwa mafuta ya breki, petroli hapana,
petroli huvimbisha raba;
nikapitisha kidole ndani, hakuna mkwaruzo. Nikafunga.

Pedali bado inazama kama godoro la gesti.

Upepo hautolewi na mtu mmoja.
Anatakiwa wa juu na wa chini.
Na nyumba ninayopanga imepakana na masale ya Ndesario,
kaka yangu, ambaye hatujasemeshana tangu arobaini ya baba
alipopewa kihamba, kahawa na migomba na kaburi,
nami, kwa kuwa mtoto wa kike, nikapewa Pijo.

Nikamtuma mwanangu Mkunde.
Akaja na kandambili, hakusalimu,
akaketi kwenye kiti cha baba.
Mimi uvunguni, spana namba nane, mpira mwembamba umezama chupani.

"Kanyaga."
"Tayari."
"Shikilia."
Nafungua. Povu, povu, kama mbege inayochacha.
Nafunga.
"Achia."
"Nimeachia."

Mara thelathini, labda zaidi. Maneno yaleyale,
na hakuna lililomuumiza mtu.
Mara moja tu nilisema la ziada: "Kikopo kisikauke."
Akashuka, akaongeza mafuta, akarudi.

Giza likaingia, pedali imefika nusu na kugoma.
Ndesario akaitazama bampa ya mbele, akaitazama njia.
"Limeinamisha kichwa. Upepo hupanda, haushuki.
Umejibanza pale paipu ilipopinda.
Tuligeuze litazame mlima."

Kwangu hapana mteremko wa upande huo. Kwake upo.
Tukalisukuma, sisi watatu na vijana waliotoka kukata majani,
likavuka masale, likasimama uwanjani kwa baba.
Jiwe kila tairi. Nati imekazwa, pedali iko juu.
Akaigonga paipu kwa mpini wa spana, taratibu,
kama mtu anayemcheulisha mtoto.

Alfajiri nikapampu polepole.
Ya kwanza laini. Ya pili ikashtuka.
Ya saba ikaurudisha mguu wangu.
Rivasi ikaingia kimya, nikasikia jogoo.

Alikuwa mlangoni na kikombe, hakukaribia.
"Jioni ukichungulie kikopo," akasema.
"Raba mpya haiaminiki siku ya kwanza."
"Ikishuka," nikasema, "nitahitaji wa kukanyaga."
Akamwaga masalia ya chai kwenye mgomba,
akaenda kuondoa mawe.