Dakika Nne

Januari, Coimbra. Sakitu imelala juu ya mabenchi
na Abílio, mshika funguo, anapuliza vidole vyake
kama mtu anayechochea kaa lililokataa kushika.
"Leo tena, Dona Zulmira? Miti haijahama."

Nasimamisha kamera ya babu kwa miguu yake mitatu,
najitia ndani ya shuka jeusi,
na bustani inanijia kichwa chini miguu juu:
michikichi imening'inia kama popo,
mbingu iko sakafuni, vipande vipande,
kila kipande na fremu yake ya chuma kilicholiwa na kutu.

Humu ndani ya vioo kila mmea una kibati shingoni:
Kilatini, mwaka, nchi ulikong'olewa.
Mti hauendi ila kwa nyenzo,
na nyenzo za hii zilikuwa sanduku, kamba, kuvumwani mbichi,
na baharia fulani aliyepunguziwa maji ya kunywa
ili kangaga lifike likiwa hai.
Kangaga halikuomba safari.
Baharia naye, sijui.

Nafungua lenzi. Dakika nne,
maana mwanga wa humu ni haba kama chumvi ya mgonjwa.
Nahesabu kwa sauti.

Sitini. Abílio anapita na ndoo.
Anasimama kwenye mtapo dume ambao jike lake halikuletwa kamwe,
anaugusa kwa kiganja, anapita.
Usiku ule boila ilipozimika aliuvika koti lake
akalala chini yake, magoti kifuani,
kisha akakohoa mpaka Pasaka.

Mia na ishirini. Wanafunzi wawili, majoho meusi,
wanachekeana nyuma ya mtini.
Kijana anachomoa kisu.
Gome lile limejaa tayari: Graça na Nélio, moyo, mshale.
Herufi zimenenepa mwaka baada ya mwaka
hata Graça hasomeki tena, amekuwa kovu tu,
pana kama mdomo.
Sisi na kuandika!
Huku bati, huku kisu,
na mti katikati, hajui kusoma.
Ningepiga kelele.
Mia na tisini. Mia na tisini na moja.
Sikupiga. Nilikuwa na picha ya kuilinda.

Nyumbani, chini ya taa nyekundu, naisafisha.
Apitaye mbele ya lenzi iliyofumbuliwa muda mrefu
hashiki kwenye filamu; filamu humsubiri
atulie, naye hatulii.
Vijana hawapo. Abílio hayupo.
Yapo majani, kila mshipa, kila tundu la mdudu,
na kwenye mtini, jeupe, bichi,
jeraha lisilo na aliyelitia.
Nami simo, ingawa ndimi niliyekuwa nikihesabu.

Jumatatu nampelekea Abílio.
Anaisogeza dirishani, anavaa miwani iliyofungwa uzi.
Namwambia: uniwie radhi, umefutika,
miaka thelathini na mmoja ya ndoo, na hata kivuli hakuna.
Hanisikii, au hajali.
Anaipekua picha kama mama anayetafuta chawa.
"Hili la kushoto," asema, ukucha juu ya kangaga,
"tazama linavyojikunja. Lina kiu, na wewe
umekuwa nalo tangu Ijumaa hukusema."

Ndoo yake inakwaruza sakafu kuelekea bombani.