Bilauri Tatu za Jumanne

Mimi ndiye ninayemimina.
Miaka ishirini na miwili nyuma ya bomba hili,
Třebová, mkabala na kituo cha treni.
Mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto
na vidole vinanuka shayiri hata kanisani.

Jumanne huja watatu.

Otakar, aliyekuwa akiunga mabehewa,
hunywa ya digrii kumi tu, nyepesi,
"bia ya mtu mwenye kazi kesho,"
ingawa kazi aliiacha mjukuu wake alipozaliwa
na mjukuu sasa ananyoa ndevu.

Vlastimil ni wa digrii kumi na mbili.
Iwe chungu, anasema,
chungu ya kukukumbusha kwamba una ulimi.
Nyepesi, kwake, ni maji yaliyopita karibu na kiwanda
yakabisha hodi, yakaendelea na safari.

Na Joost, Mholanzi, mkwe wa Vlastimil,
aliyekuja kuposa na kreti ya makopo ya kijani
na mpaka leo hajasamehewa makopo yale.
"Ikiwa baridi, zote ni ndugu," husema,
nao humtazama
kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli.

Huanzia kwenye povu.
Otakar anataka vidole viwili. Vlastimil, vitatu, na vinene.
Kwao Joost povu hukatwa kwa kisu
("Kwa kisu!" Otakar hushika kifua).
Kisha wanavuka mipaka bila pasipoti:
Ya Wajerumani wa kaskazini?
Kavu, kama barua ya benki.
Ya Denmaki?
Ina adabu mno.
Ya Italia?
Hiyo ni ya kusafishia koo kabla ya mvinyo.
Ya Polandi?
Nyamaza, mama yangu alizaliwa Katowice.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake,
lakini hawa watatu walikuwa wameivuta ngoma yangu
hadi ngozi inalia.

Basi Jumanne moja ya Februari,
theluji imeziba reli, treni zote zimechelewa,
na mimi nimesimama tangu saa nne asubuhi,
nikawaambia: geukeni ukutani.
Nikamimina. Nikapanga mezani bilauri tatu,
chini ya kila moja alama ya chaki.
Onjeni, nikasema, halafu mniache nipumue.

Otakar alifumba macho.
"Ya kwanza ndiyo yangu. Ina asali kwa mbali,
mkate wa shangazi."
Vlastimil alinusa kama mbwa wa forodha.
"Ya tatu. Hopi hizi nazijua, nazo zinanijua.
Hiyo ya kwanza ni maji ya kuoshea soksi."
Joost akashika ya pili kwa mikono yote miwili.
"Hii," akasema polepole, kwa Kicheki chake kilichovunjika,
"hii ina dirisha."
Hakuna aliyemwelewa. Hakuna aliyecheka pia.

Saa nzima walibishana.
Jindřiška alipiga simu mara mbili kumtafuta mumewe,
na mara ya pili akaambiwa na baba yake
asubiri, kuna jambo la maana.

Pipa lilikuwa moja.
La digrii kumi na moja, lililoletwa kwa makosa,
ambalo hapa hakuna aliyewahi kuliagiza.

Sikuwaambia.
Nilichora mistari yao kwa penseli kwenye vikadi,
mitatu, mitatu, na wa Joost minne.

Ijumaa Otakar alikuja peke yake,
akaegemea kaunta kama anayetaka kukopa.
"Ile ya kumi ya Jumanne... haijawahi kuwa tamu vile.
Umefanya nini?"
"Nimeosha bomba," nikasema.
Akatikisa kichwa, ameridhika:
alijua siku zote kuwa ni bomba.

Mimi je? Sijawahi kuulizwa.
Viti vikishapanda juu ya meza na sakafu ikishalowa,
najimiminia nusu ya hiyo isiyo na mwenyewe,
nainywa nimesimama, imeshapoa ubaridi wake,
mpaka treni ya mizigo ya saa tano na dakika arobaini ipite
na bilauri zote rafuni
zianze kubishana.