Maji Hayaitikii Hodi

Saa kumi na mbili kasorobo, alfajiri, masika hayajakata,
setilaiti imepita juu ya Unguja
wala haina habari na mawingu.
Haidai jua, haidai mwezi.
Hupiga hodi, kisha hutega sikio.

Miti huijibu kwa fujo, kila tawi na lake la kusema.
Mabati hujibu. Majabali hujibu.
Maji yaliyotulia hayaitikii:
huipokea sauti na kuitupa kando,
kama mwenye deni aliyesikia jina lake likitajwa mlangoni.
Palipo kimya, kompyuta hupaka weusi.
Weusi ndio maji.
Ndivyo nilivyofundishwa wiki mbili, na cheti ninacho.

Basi nikaiweka picha ya leo juu ya ile ya mwezi wa Shaabani,
nikatoa hii kwenye ile,
kibakicho ndicho kilichotuvamia.
Cheju kote weusi, lakini Cheju ni mpunga,
kule maji ni mgeni wa kualikwa. Nikaufuta.
Mwanakwerekwe weusi umevuka barabara.
Sebleni nyeupe. Nyeupe pe.

Tuna boti mbili za mpira, na moja ina kiraka.
Bwana Shaame kasimama nyuma ya kiti changu, koti linachuruzika:
"Tuanze wapi?"
"Penye weusi," nikasema.

Simu ikalia. Shangazi Mize.
Hakusalimia,
na Shangazi Mize si mtu wa kuacha salamu.
"Maji yamefika kitandani. Bibi yako nimempandisha juu ya meza.
Umeme nimeuzima. Kuku wamekwenda na maji."
"Shangazi, uko Sebleni?"
"Sasa niwe wapi, Ulaya?"

Nikaitazama tena nyumba yake kwenye kioo:
kinukta cheupe, kinang'aa kama jino.

Ndipo likanijia somo nililolisinzilia.
Mitaani, sauti ikianguka juu ya maji
maji huitupia ukuta,
na ukuta huirudisha ilikotoka, kali maradufu.
Nyumba iliyozama huitikia kuliko nyumba kavu.
Karibu! Karibu!
Na mashine, isiyotujua, huandika: wazima.

Ningejua, mimi mtoto wa pale.
Kwetu mtu ana homa siku ya tatu,
ukimwuliza hali, njema.
Jikoni hamna hata chumvi, na bado, karibu tule.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikampigia sheha.
Sikumwuliza mita. Nikamwuliza mwili.
Kwa Mwalimu Vuai, magotini.
Kwa fundi cherehani, kiunoni, na vitambaa vya watu vinaelea.
Skuli, ukumbini tu.
Kwa mke wa Pandu, mwenye mimba ya miezi minane,
hakuna ajuaye. Hapokei.

Hapo nikatia alama ya kwanza.
Boti yenye kiraka ndiyo iliyokwenda
kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.
Walimkuta kakaa dirishani, miguu nje,
simu imekufa mkononi mwake,
anawatukana kwa kuchelewa.

Ramani ilichapishwa baadaye, kubwa, ikabandikwa ukutani.
Wageni walisifu rangi.
Mmoja aliuliza ule wino mwekundu umetoka wapi,
Bwana Shaame akasema umemwagika.

Baada ya siku kumi na mbili itapita tena.
Nilimweleza Shangazi, naye anapiga godoro kwa mwiko, matope yakiruka:
iko juu huko, inapiga hodi, inasikiliza, inaondoka.
Akatua mwiko.
"Haiingii?"
"Haiingii."
"Haya. Na anayepiga hodi asiingie
huyo kwetu tunamwitaje?"

Sikuwa na jibu. Nikashika upande wa pili wa godoro.