Bado Ardhi

Kahindo, mwenye zahanati ya uzazi kule Majengo,
alinishika mkono kabla sijashusha begi:
"Fundi, mimi sitaki mengi. Weka tu sahihi hapa.
Taa iko inawaka, si unaona?"

Niliona.
Taa ilikuwa inawaka. Friji ya chanjo ilinguruma kwenye pembe.
Na karatasi ilikuwa na mstari mmoja mtupu chini kabisa,
mstari wa Katembo Siviholya,
aliyeondoka wiki ile kila mtu alipokuwa anaondoka
na hakuacha hata salamu.
"Mwizi," akasema mama. "Amekula nusu ya pesa,
ameniachia nusu ya kazi."

Sikujibu. Nilizima swichi kubwa,
nikafungua soketi ya kwanza, ya pili, ya saba.

Sijawahi kumwona mtu huyo,
lakini sasa najua ni mashoto:
mikato ya kisu chake imelala upande ule.
Najua hakuwa na haraka.
Kila waya umekunjwa pembeni kama shuka la kitanda cha mgonjwa,
kila skrubu imesimama wima, hata zile za nyuma ya kabati
ambazo hakuna jicho lingekwenda kuzitafuta.
Mwizi gani huyu?

Nikaufuata waya wa kijani na njano,
chumba hadi chumba, ukutani,
chini ya dirisha la jikoni, nje,
na pale, juu ya makoro meusi, ukakoma.
Umeviringishwa vizuri. Umefungwa uzi.
Haukushikwa na kitu chochote.

Kisha, ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi,
maneno mawili kwa penseli:
*Bado ardhi.* K.S.

Nilimwita Kahindo asome mwenyewe.
Alisoma, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.
"Alikuja," akasema baadaye. "Aliomba pesa ya udongo.
Nilimwambia aache ujanja.
Nani ananunua udongo?"

Sisi, mama. Sisi watu wa Goma tunaununua,
tuliojenga juu ya jiwe lililokuja likiwaka.
Wewe ni mkunga, nikamwambia:
kitovu cha nyumba hii hakijazikwa.

Basi tukachimba. Mtaimbo ulilia siku nzima,
ukapinda, tukaazima mwingine kwa jirani.
Chukudu tatu za udongo kutoka upande wa Sake,
mkaa uliopondwa, chumvi ya jikoni, maji.
Vijana wa mtaa walisimama wakiuliza tunamzika nani.
Jioni kipimo kilisema mia mbili na kumi.
Nikakataa.
Kahindo alinitazama kama alivyomtazama yule.
Tukaongeza shimo la pili, tukaunganisha,
tukamwaga maji tena, tukalala.
Asubuhi ya siku ya tatu namba ilishuka,
ikasitasita kwenye thelathini,
ikatua kumi na nane.

Nikisaini ninasema hivi:
mwanamke ameamka saa nane ya usiku,
uchungu umemshika, maji yake yamemwagika sakafuni,
miguu haina viatu,
ameegemea friji,
na hakuna kitu kilichotokea.
Ameegemea tu.
Ndiyo maana Katembo hakusaini.
Nafikiri alikuwa na penseli ile ile mkononi
na akaiacha karatasi nyeupe.

Nilipiga namba yake mara mbili. Haipatikani.
Mstari ni mmoja, jina langu nimelibana upande wa kulia,
nikaacha kushoto wazi.
Mkaguzi wa ofisi atauliza. Na aulize.

Nilipokuwa nakusanya vyombo
Kahindo alikuwa na kitambaa chenye maji,
anapangusa vumbi langu kwenye sanduku,
juu, pembeni, akafungua kifuniko.
Hapo, mama,
nikamwambia,
hapo usipanguse.