Ukurasa Ulioliwa na Mvua

Uzi mweusi na tundu la sindano
havipatani nami tena. Naona viwili viwili,
naomba watoto wa shule wanitungie
nao wananidai peremende.
Lakini kitabu ndicho kilichotangulia kunikimbia:
herufi zilianza kutambaa kama siafu
waliomwagiwa majivu,
kila mmoja na njia yake.

Basi mpwa wangu Khasandi
akaanza kunisomea ndani ya simu.
Sura moja kila akitoka chuoni,
kutoka chumba chake cha kupanga kule Lurambi,
nami huisikiliza kesho yake hapa sokoni,
sikio moja kwa mteja, sikio moja kwa kitabu.

Hasomi kama watangazaji wa redio.
Anameza mate. Anapiga chafya, anajiombea afya.
"Ngoja Shangazi, wali unaungua,"
nami nangoja, mguu juu ya kanyagio,
nikisikia sufuria, kijiko, mfuniko,
na yule karani wa reli, katikati ya sentensi,
kalamu yake hewani,
naye anangoja wali.

Nimejifunza kushona kwa mwendo wa hadithi.
Penye majonzi cherehani hujikokota;
wakigombana, sindano inakwenda mbio.
Suruali ya mwalimu Andayi, mguu mmoja ni mfupi:
hiyo ni sura ya saba, harusi ilipovunjika.
Sikumwambia. Nilimpunguzia shilingi hamsini.

Sasa, sura ya kumi na moja.
Karani ana barua tisa asizowahi kutuma.
Azichome, au azipeleke mwenyewe?
Anafungua droo. Anazishika. Khasandi anafunua ukurasa,
na mvua ya Kakamega, ile ya saa kumi
isiyobisha hodi,
ikashuka juu ya mabati yake yote kwa pamoja.

Dakika nne. Nimezihesabu.
Ndani yake mna sauti, najua imo,
kama kijiwe kwenye mchele,
ila sishiki neno. Labda "mlango". Labda "mpango".
Mvua ilipopungua, karani alikuwa
amekaa kitandani, viatu vimelowa,
na barua hazitajwi tena.

Nikampigia. Kitabu kimesharudi maktaba,
kimeazimwa na mwingine, hadi mwezi ujao.

Nikairudia kwa spika, kibanda kizima kikasikia.
Shimuli wa bodaboda, aliyeleta zipu tu,
akazima pikipiki: "Amezitupa mtoni.
Viatu vimelowa kwa nini?"
Mama Ayuma, mikono imejaa mrenda, akambishia:
"Mtoni wapi! Amempelekea mwenyewe,
akakuta kufuli, akarudi na mvua."
Wakabishana hadi mrenda ukanyauka.
Mimi nilikuwa nakata kola, nikanyamaza,
ila moyoni nilimwona akifunguliwa,
akipewa taulo, kigoda, uji wa moto,
na yule mwanamke akizifungua barua moja moja,
akizisoma kwa sauti, bila kumtazama.

Juzi Khasandi amekuja mwenyewe,
kitabu kwapani, kimefungwa kwa gazeti.
Akakalia robota la vitambaa vya sare.
Shimuli aliitwa. Mama Ayuma alijileta.
Akasoma ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Karani alikunywa chai.
Akairudisha mikebe rafuni, akafunga droo.
Akakumbuka nguo kambani, akatoka kuzianua,
mvua ikimpiga.

Basi.

Shimuli akasonya, akapiga pikipiki teke.
"Hata mimi ningeandika hiyo," alisema Mama Ayuma.
Khasandi akanigeukia: "Shangazi,
niurekodi upya, tuifute ile ya mvua?"
Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu haraka.
Nikatikisa kichwa.
Yule mwanamke wangu amebakiza barua mbili,
na uji haujapoa.